Mwosha Huoshwa: Habari za Mauti na Maziko katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Wahenga walisema kuwa mwosha huoshwa. Methali hii ni fupi, lakini ndani yake imo sheria nzima ya jamii. Mtu amwoshaye maiti wa jirani leo anaweka akiba, na akiba hiyo hawezi kuitoa yeye mwenyewe; watamtolea wengine siku atakapokuwa hana tena mkono wa kunyosha wala ulimi wa kuomba. Haja ya insha hii ni kuitazama sheria hiyo katika nchi moja, yaani Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka zilipogawanywa katika miaka ya 1990, na kuona jinsi ilivyotikiswa, ikapindwa, ikahamishwa kutoka mikono hii kwenda mikono ile kwa muda wa miaka mia na hamsini.

Yafaa kwanza tuseme kwa nini jambo hili listahili kuangaliwa. Mwaka 1955 mwandishi Mwingereza, Geoffrey Gorer, alitoa makala yenye kudai kuwa mauti katika nchi yake yamekuwa jambo la aibu, lisilotajwa mbele ya watoto wala katika mazungumzo ya heshima. Mwaka 1977 mwanahistoria Mfaransa, Philippe Ariès, alitoa kitabu kikubwa juu ya mtu wa Ulaya mbele ya mauti, akaonyesha jinsi kifo kilivyotoka katika chumba cha nyumbani, kati ya jamaa na majirani, kikaingia hospitalini nyuma ya pazia. Tangu hapo wasomaji wengi wamezoea kuamini kuwa njia ya mambo ya kisasa ni moja tu: kadiri watu wanavyoendelea, ndivyo wanavyoyaficha mauti. Habari za Nachingwea na Ruangwa hazikubaliani na imani hiyo. Huko mambo ya kisasa yameingia kwa nguvu, na mara nyingine kwa ukatili, lakini kila yalipoingia watu hawakuyaficha mauti. Waligombania haki ya kuyahudhuria.

Wenyeji wengi wa nchi hii ni Wamwera, na pamoja nao wako Wamakua, Wayao na Wamakonde. Wote hao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika ukoo wa namna hiyo mrithi wa mtu ni mpwa wake, mwana wa dada, na aghalabu mpwa huyo hakurithi mali na cheo tu, bali alirithi jina pia. Ndiyo maana katika historia ya Wayao wa kusini tunasoma habari za Mataka mmoja baada ya Mataka mwingine, na za Matola baada ya Matola. Mtu hufa, lakini Mataka hafi. Mzee aliyekufa aliendelea kuwa mmoja wa wazee. Aliletewa unga wa nafaka, ukamwagwa taratibu chini ya mti, naye akaambiwa habari za mvua, ugonjwa na safari kama aambiwavyo mzee aliye hai. Wafu walikuwa sehemu ya baraza.

Katika msiba wenyewe kulikuwa na watani. Mtani si ndugu wa marehemu, wala si mgeni kabisa. Ni mtu wa ukoo au kabila lililo na ahadi ya kutaniana na lake. Wafiwa wanapokuwa wameinama, mtani huingia akicheka. Humwigiza marehemu mwendo wake na usemi wake, hudai deni lisilokuwapo, hujilaza penye kaburi akisema kwamba hatoki mpaka alipwe. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika kazi ambazo huzuni huwazuia wenye msiba kuzishika. Wageni walioandika juu ya desturi hii waliona mzaha, na baadhi yao wakauona kuwa ni utovu wa adabu. La maana zaidi ni kwamba desturi hii iliyagawa mauti: huzuni ilikuwa fungu la jamaa, na kazi ilikuwa fungu la mtani. Hakuna aliyebeba yote mawili peke yake.

Basi yafuatayo yataeleweka vizuri tukikumbuka kuwa hofu kubwa ya watu hawa haikuwa kufa. Hofu yao ilikuwa kufa pasipo watu.

Karne ya kumi na tisa iliwaletea hofu hiyo mlangoni. Njia za misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilipita katika nchi za kusini. David Livingstone, aliyeanza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani mwaka 1866, aliona katika bonde la Ruvuma mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekwisha kufa. Akaambiwa kuwa hakuweza kufuatana na wenzake, na mwenye mali hakutaka mwingine amwokote. Tena mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Watu walikimbilia milimani na vichakani. Aliyefia njiani hakuoshwa, hakuliliwa, wala jina lake halikurithiwa. Kwa jamaa zake alikuwa amekufa mara mbili.

Mwaka 1905 vilizuka Vita vya Majimaji. Mara nyingi tunafundishwa habari ya dawa ya maji iliyodhaniwa kuzigeuza risasi. Upo upande wa pili unaosahauliwa. Wazee waliotoa habari zilizokusanywa na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kuwa Kinjikitile, huko Ngarambe, aliwaonyesha waliomwendea wazee wao waliokwisha kufa. Ahadi yake haikuwa ya kushinda Wadachi tu. Ilikuwa pia ya kuunganisha tena baraza lililovunjika, walio hai na waliotangulia mahali pamoja. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Kabla mwezi huo haujaisha vita vilikuwa vimefika katika nchi ya Wamwera, na misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ilishambuliwa. Mtawa mmoja, Walburga Diepolder, aliuawa. Hospitali iliyopo Nyangao hata sasa huitwa kwa jina la Mtakatifu Walburga, somo wa mtawa huyo.

Serikali ya Wadachi ilijibu kwa bunduki, kisha kwa njaa. Mashamba na maghala yalichomwa. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kuwa walifika kati ya 250,000 na 300,000. Lakini hesabu ni jambo moja, na maziko ni jambo jingine. Katika njaa hakuna mtani, maana mtani naye ana njaa. Hakuna unga wa kumwagwa chini ya mti, kwa kuwa unga ukipatikana utaliwa na mtoto. Wafu wa mwaka 1906 na 1907 waliachwa walipoangukia, na waliobaki waliishi na deni ambalo hawakuweza kulilipa. Mwanahistoria akiuliza kwa nini watu wa bara ya Lindi, waliokuwa wakiujua Uislamu wa pwani kwa miaka mingi bila kuufuata kwa wingi, waliingia katika dini hiyo makundi kwa makundi baada ya vita, yampasa kulikumbuka deni hilo.

Sababu zilikuwa nyingi, na Felicitas Becker amezichambua katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya kusilimu kwa watu wa kusini mashariki ya Tanganyika. Moja ni hii: Uislamu ulileta mazishi kamili, ambayo masikini aliweza kuyapata sawasawa na tajiri. Sanda ni nyeupe kwa wote. Ufuo wa kuoshea maiti huchimbwa vilevile kwa mtu aliyekuwa jumbe na kwa mtu ambaye nyanya yake aliletwa kwa kamba. Mwanandani haujui nasaba. Katika nchi ambayo watu wengi walikuwa wamepoteza koo zao kwa utumwa na vita, ilikuwa faraja kubwa kupata jamaa wapya ambao sheria yenyewe inawalazimisha kukuosha, kukusalia na kukuzika. Tariqa za Kadiria na Shadhilia ziliongeza sauti: maiti alisindikizwa kwa dhikiri na tahlili, umati ukitamka kwa pamoja kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, hata vijiji vya njiani vikajua ya kuwa mtu anapita. Mwaka 1908 barua iliyosemekana kutoka Makka ilienezwa Lindi, ikionya kuwa Kiyama kimekaribia na kuwataka watu watubu. Wadachi waliiogopa kama fitina ya siasa. Lakini kwa watu waliokwisha kuona nchi nzima ikifa, onyo la kuwa dunia inakwisha halikuwa neno la ajabu.

Wamisheni nao walijibu haja ileile kwa njia yao. Wabenediktini wa Ndanda na Waanglikana wa Masasi walikuwa na jambo moja lililowasaidia, ambalo Waprotestanti wengi hawakuwa nalo: wote wawili waliruhusu kuwaombea wafu. Siku ya tarehe 2 Novemba, ambayo Kanisa huwakumbuka marehemu wote, haikuwa ngeni kwa mtu ambaye babu yake alikuwa akiitwa chini ya mti. Unga uliondoka, sala ikakaa mahali pake.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha likaja jambo ambalo halikuwa na dini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matingatinga yaliangusha misitu. Reli ilijengwa kutoka Mtwara, na bandari mpya ikachimbwa. Maelfu ya vibarua walikuja kutoka mbali. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36, na katika miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa. Historia ya mpango huo imeandikwa mara nyingi kama hadithi ya hasara ya fedha. Kwa insha hii una maana nyingine. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mji wa watu wasiojuana, ambapo mtu aliweza kuugua miongoni mwa wageni, akalazwa kitandani kwa namba, na akafa kabla habari hazijafika kwao. Ndipo desturi ya watani ilipofanya kazi mpya. Utani haukuhitaji nasaba wala ujirani wa zamani. Ulihitaji jina la kabila tu. Kibarua aliyekufa ugenini angeweza kupata mzishi kwa sababu tu kabila lake na la mwenzake wa kambini walikuwa watani. Kitu kilichodhaniwa kuwa mabaki ya kale ndicho kilichofaa zaidi katika kambi ya kisasa.

Ardhi hiyohiyo ya mashamba ya karanga ilipokea wageni wengine tangu mwaka 1965, wapigania uhuru wa FRELIMO, waliopewa kambi ya mafunzo Nachingwea. Kutoka hapo vijana walivuka Ruvuma, na wengi hawakurudi. Habari zao zinaonyesha jinsi dola nayo inavyojua thamani ya kaburi. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, akazikwa Kinondoni. Baada ya uhuru mabaki yake yalihamishiwa Maputo kwa heshima zote. Uria Simango, aliyekuwa makamu wake, alitolewa hadharani pale kambini Nachingwea mwezi wa Mei 1975 na kusomeshwa maungamo ya usaliti. Baadaye aliuawa nchini Msumbiji bila hukumu ya mahakama, na jamaa zake hawakuonyeshwa kaburi. Mmoja alipewa kaburi mara mbili, mwenzake hakupewa hata mara moja. Adhabu ya pili ilipita kifo, nayo inafahamika vizuri sana kwa watu ambao mababu zao walifia katika njia za misafara.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 wanakijiji walihamishwa. Watu wa kusini walianza kukusanywa mapema, kwa kuwa vita vilikuwa mpakani. Kisha Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na ikatakiwa kazi hiyo imalizike mwaka 1976. Mengi yamesemwa juu ya mashamba na nyumba zilizoachwa. Yamesemwa machache juu ya makaburi. Katika mahame ya Nachingwea na Ruangwa, chini ya miembe na mikorosho isiyo na nyumba karibu, wamelala watu ambao wajukuu wao wanaishi mbali. Zamani kaburi lilikuwa jirani wa nyumba. Baada ya kuhama likawa safari. Na jambo likishakuwa safari, hufanywa kwa siku maalumu, kwa gharama, tena na wachache. Pengine hapakuwa na tendo lililowatenga wafu na walio hai kuliko hilo, wala halikukusudiwa kuwa hivyo.

Tangu hapo mwendo umegeuka tena. Kwa muda mrefu nchi ya kusini ilikatwa na mto Rufiji kila masika, na mtu aliyefia Dar es Salaam alizikwa Dar es Salaam. Daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Pamoja na korosho na abiria, daraja hilo lilianza kupitisha majeneza. Mkapa mwenyewe, aliyefariki Julai 2020, alizikwa kijijini kwake Lupaso, Masasi. Na Bernard Membe, aliyefariki Dar es Salaam mwezi wa Mei 2023, alizikwa Rondo, jirani na Ruangwa. Wakubwa hao walifuata njia ambayo raia wa kawaida wanaifuata kwa michango ya shilingi chache chache inayotumwa kwa simu. Kwa hiyo lile lililovunjwa na kazi za ugenini, barabara na simu zimelishona tena, ingawa kwa uzi wa fedha. Na hapa methali inaanza kupata shida. Mwosha huoshwa, je, mchangaji huchangiwa? Mkono ulioosha ulijulikana na mtaa mzima, lakini fedha husahaulika upesi, na asiyekuwa nazo hana akiba ya kuweka.

Lililo zito kuliko yote kwa wakati wetu ni ugomvi wa sauti. Tangu miaka ya 1990 vijana waliosoma, wanaojiita watu wa Suna, wamepinga mazishi ya Waislamu kama wazee wao walivyoyazoea. Wanasema kuwa maiti achukuliwe kimya. Tahlili ya njiani, talakini ya kaburini, hitima ya siku ya tatu na ya arobaini, yote hayo kwao ni uzushi, kwa kuwa Mtume hakuyafundisha. Wazee huwajibu kuwa kumchukua Mwislamu kimya ni kumchukua kama mzoga, na kwamba masheikh waliowaletea dini ndio waliowafundisha kumsindikiza kwa jina la Mungu. Ugomvi huu ulizigawa familia na misikiti, na palipokuwa na jeneza moja palitokea mara nyingine pande mbili, kila upande ukidai kuwa wake ndio mkono halali.

Msomaji wa mbali angeweza kuona ni ugomvi mdogo. Lakini mwenye kujua historia tuliyoieleza ataona pande zote mbili zinasema jambo la haki. Mzee anayetaka sauti anakumbuka, hata kama hawezi kulieleza, kuwa kimya kilikuwa fungu la mtumwa na la mfa njaa. Sauti ndiyo iliyomtoa babu yake katika hali ya mtu asiye na watu. Kijana anayetaka kimya anaona gharama. Anaona mjane aliyeuza mazao yake ili walishwe watu wa arobaini, naye anasikia katika Suna ile sauti iliyowavuta mababu mwanzoni, kwamba wote ni sawa, sanda moja, kaburi moja, pasipo karamu ya kumtukuza mwenye nacho. Wote wawili wanamtetea masikini. Wanatofautiana tu ni lipi linalomdhulumu zaidi, kusahauliwa au kufilisiwa. Na hakuna katika wao anayesema kuwa maziko ni ya jamaa peke yao, au kwamba jirani anaweza kukaa nyumbani siku hiyo. Hata kwa kimya, jeneza hubebwa na wengi.

Ama hospitali, imeleta badiliko lisilo na ugomvi, na kwa hiyo ni la kuangaliwa zaidi. Zamani mtu alizaliwa na kufa katika mikono ileile ya wanawake wa nyumbani. Leo wagonjwa wengi hupelekwa Nachingwea, Mnero, Nyangao au Ndanda, na wengine hufia huko. Lakini jamaa hawabaki nyuma. Yupo anayelala chini ya kitanda au barazani, anayepika uji nje, anayefua nguo. Pazia alilolieleza Ariès halijafungwa, kwa sababu hospitali zenyewe haziwezi kufanya kazi bila jamaa hao. Inafaa tujiulize itakuwaje zitakapoweza. Siku watakapokuwapo wauguzi wa kutosha na uji wa kutosha, na bawabu wa kuwatoa watu nje saa ikifika, je, tutaita hayo maendeleo bila kuuliza nani atakuwa ameushika mkono wa mgonjwa?

Katika historia hii yote mikono imebadilika: mtani, mpwa, mwana wa tariqa, kibarua mwenzake, mwanakijiji mpya, mchangaji wa mbali. Kila ilipotokea dhuluma iliyowaacha watu wafe peke yao, watu wa Nachingwea na Ruangwa walitafuta jamaa mwingine wa kuifanya kazi hiyo, na wakampata katika dini, katika utani, au katika fedha. Wazee wanaoyajua makaburi ya mahame wanapungua, na makaburi yenyewe hayana maandishi. Wanafunzi wa historia wenye asili ya huko wana kazi ya kufanya kabla ya mvua chache zijazo: kwenda mahameni pamoja na wazee hao, kuuliza majina, na kuyaandika kaburi kwa kaburi. Hiyo nayo ni namna ya kuosha, na aliyeifanya hukosi mtu wa kumfanyia.